Anauma? Kumtafutia Mbwa Mwenye Vituko Nyumba ya Kumfaa

Mbwa aliyenitia aibu kuliko wote hapa Newala hakuwahi kumuuma mtu. Alikuwa anapenda watu kupita kiasi, basi. Ijumaa moja, saa sita inakaribia, mzee wa nyumba ya tatu alikuwa njiani kwenda msikitini, kanzu imenyooka kwa pasi, udhu ameshachukua nyumbani kwake kwa maji ya kununua. Mbwa akamwona, akafurahi, akamrukia kifuani na kumlamba mkono. Mzee alisimama. Akautazama mkono, akaziangalia nyayo mbili za udongo mwekundu kwenye kanzu nyeupe, akageuka akarudi nyumbani bila kusema neno. Jioni nilimpelekea ndoo mbili za maji. Shikamoo yangu aliiitikia kwa kuchelewa.

Nimemtanguliza huyo makusudi. Ukisikia mbwa ana tabia mbaya, uliza kwanza: mbaya kwa nani? Mrukaji yule angeangukia nyumba ya watu wanaocheza na mbwa, wangemsifu kwa upole. Na yule anayemkoromea kila anayekatiza, ambaye mjini ni kesi ya kila wiki kwa mwenyekiti wa mtaa, yupo mtu mwenye shamba la muhogo pembezoni anayekesha akipiga debe kufukuza nguruwe pori, naye angempokea leo hii. Tatizo ni kwamba watu hao wawili hawajuani, na wewe uliyebaki na mbwa ndiye unayepaswa kuwa mshenga.

Umebaki naye wewe kwa sababu hapa kwetu hakuna kituo cha kulea mbwa waliokosa wenyewe. Arusha lipo shirika la Mbwa wa Africa, Unguja wapo ZAASO, Nairobi wapo KSPCA. Kutoka Newala hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna basi litakalokubali kumbeba abiria anayekoroma. Kwa hiyo kituo ni uani kwako. Mbwa wenyewe wanafika kwa njia zinazojulikana: mtumishi kahamishwa na lori la vyombo halikuwa na nafasi, mkandarasi kamaliza kipande chake cha barabara na kambi imevunjwa, mwindaji mzee kafariki na watoto wako Dar es Salaam. Wengine ni wa msimu wa korosho, na hao nitawarudia.

Hatua ya kwanza haihusu tabia hata kidogo. Mwite bwana mifugo wa kata, mbwa achanjwe kichaa, upewe kadi yenye tarehe. Chanjo ya kwanza huanzia umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani lilishirikiana na serikali kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa nchi, Mtwara na Lindi zikiwemo, na watu wengi hapa bado wanazikumbuka foleni zile za watoto na mbwa wa kamba. Kukumbuka foleni hakumkingi mbwa aliyezaliwa juzi. Tena huku kwetu ugonjwa hauko kwa mbwa peke yao. Utafiti uliofuatilia kichaa Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulikuta mbweha wakiwa zaidi ya theluthi ya wanyama walioshukiwa kuugua. Mbwa anayezurura vichakani usiku anakutana na mbweha kabla hajakutana na sungura.

Kama mbwa ameuma mtu, simamisha kila kitu. Usimgawe, usimhamishe, na usikubali auawe siku hiyo kwa hasira za watu. Afungwe mahali salama, ale, anywe, atazamwe siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku alipouma hakuwa na kichaa kwenye mate. Ukimpeleka kijiji kingine siku ya tatu umeondoa ushahidi ambao daktari wa aliyeumwa anauhitaji. Aliyeumwa naye hangoji siku hizo kumi ziishe: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Najua dakika 15 za maji yanayotiririka ni nini katika mji ambao ndoo inanunuliwa. Mimina hivyohivyo kwa kata, taratibu, mpaka ndoo iishe, na ukamwombe jirani nyingine.

Chanjo ikishapatikana, chukua daftari la shule, lile dogo, umwandikie mbwa wiki mbili. Usiandike "mkali". Neno hilo halimsaidii mtu. Andika alichofanya, saa ngapi, kwa nani, na nini kilikuwa kinaendelea. Mbwa mwoga na mbwa mlinzi wote huonyesha meno, ila wanaonyesha tofauti. Mwoga analaza masikio, mkia anauficha katikati ya miguu, anarudi nyuma huku anakoroma, na akikosa pa kurudi ndipo anauma na kukimbia. Mlinzi anakuja mbele, mkia juu, anasimama penye mpaka wake. Wa kwanza anataka nyumba tulivu isiyo na watoto wa kumbana kwenye kona. Wa pili anataka mpaka ulio wazi na mtu ambaye neno lake linasikika.

Mjaribu kwa mambo ya hapahapa. Mfunge kamba imara, simama naye kando ya njia bodaboda zikipita. Anatazama, anatetemeka, au anataka kuruka? Mwaga punje chache hatua kumi kutoka alipo, kuku waje. Pita kando ya chakula chake kwa umbali wa hatua tano, kisha nne. Ukiona ameganda juu ya bakuli, shingo imekakamaa, jicho linakutazama kwa pembeni, ishia hapo na uandike. Usipeleke mkono ili kuonyesha nani mkubwa. Na usiache kuandika usiku: wakati wa jando na unyago ngoma zinalia mpaka alfajiri, na wapo mbwa ambao ngoma huwavunja kabisa, wanatafuna mlango, wanakata kamba, wanapotea. Niliwahi kumpeleka mmoja kwenye nyumba nzuri kuliko zote nilizopata mwaka ule, watu wema, banda la bati, kumbe nyuma yake ndipo ukoo unapowatolea wali wake wa jando na unyago. Alidumu usiku mmoja.

Sasa nyumba. Ukitangaza tu kwamba una mbwa wa kutoa, watakuja watu watatu. Atakuja mtoto, ambaye mama yake hajui. Atakuja mlinzi wa ghala. Atakuja mwindaji. Mtoto mrudishe kwa upole akamlete mama.

Mlinzi wa ghala mfikirie vizuri, kwa sababu ghala linaonekana kama mahali pa mbwa mkali, na kwa miezi mingi ndivyo lilivyo. Lakini msimu ukifunguliwa ghala la ushirika linageuka soko: wakulima na magunia, wapagazi, makarani wa mizani, madereva, watoto wanaookota korosho zilizomwagika. Mbwa asiyevumilia mgeni atakuwa anafungwa mnyororo mfupi kutwa nzima, na hakuna kinachomharibu mbwa mkali haraka kama mnyororo mfupi katikati ya watu. Ghala linamfaa mbwa mwenye sauti kubwa asiyependa kutumia meno.

Mwindaji atamtaka mbwa anayekimbiza kuku, na atakuwa wa kwanza kumsifu. Mimi simpi. Ukiacha suala la vibali vya uwindaji, ambalo ni lake na serikali, kuna nungunungu, kuna ngiri, kuna wale mbweha. Mbwa mkimbiza kuku nampeleka kinyume: kwenye kota au nyumba yenye ukuta isiyofuga, mara nyingi ya mwalimu au muuguzi anayerudi jioni na kulala peke yake. Huko kuku ni wa kukaangwa tu.

Mbwa anayeogopa wanaume, na wapo wengi maana wengi wamepigwa na wanaume, apelekwe kwa bibi. Nyumba zinazoongozwa na wanawake hatuzikosi, na bibi wa shamba ana sifa mbili ambazo sijaziona zikishindwa: anaongea na mbwa siku nzima kwa sauti ileile, na anamlisha saa ileile.

Kwa walio wengi hapa, ambao ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, zungumza kwa adabu na kwa kujua unachokiongelea. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mafundisho hayohayo yanamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Kwa hiyo usiende mlangoni kwa mtu kuuliza kama anataka kufuga mbwa. Muulize kama shamba lake linalindwa. Kisha mpangilie mambo yawe mepesi: mbwa alale shambani au nyuma kabisa ya uwanja, bakuli lake liwe dumu lililokatwa ambalo halifanani na chombo chochote cha jikoni, na tangi au pipa la kuvunia maji ya mvua liwe na mfuniko wenye uzito. Hilo la mfuniko ndilo linalovunja ujirani. Mbwa mwenye kiu hachagui, na maji yakishaingiliwa kwenye uwanda huu wa Newala hayachotwi mengine kirahisi. Na kama mbwa wako ni mrukaji na mlambaji kama yule wangu, usimpeleke huko kabisa mpaka umfundishe kukaa chini mtu anapokuja. Kila anaporuka mgeukie mgongo, usiseme neno, mikono kifuani. Miguu yake yote minne ikigusa chini, mpe kichwa cha dagaa. Ilinichukua kama mwezi na nusu, na dagaa wengi.

Muda wa kumtoa una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia Septemba mikorosho ikianza kudondosha, kila mtu anataka mbwa. Wezi wapo, korosho zinalala uwanjani zikianikwa, na njiani wanapita waliokunywa uraka wakiimba. Mwezi huo utagawa mbwa watano ukitaka. Ngoja Februari. Magunia yameondoka, fedha imegeuka bati na pikipiki, chakula cha shamba jipya hakijaiva, na yule mbwa anaonekana ni mdomo wa ziada. Hao ndio wanaoanza kuzurura sokoni. Kwa hiyo mtu akija Oktoba swali langu ni moja: Februari atakula nini? Anayejibu upesi "tutakula wote ugali wa muhogo" ni mtu wangu. Anayeanza kufikiri, namwomba aje tena baada ya msimu. Wengi hawarudi, na hilo nalo ni jibu. Kwa mashamba ya mikorosho kumbuka pia miezi ya kupuliza salfa, katikati ya mwaka: mbwa afungwe mbali na upepo wa dawa, asilambe manyoya yenye unga ule, na maji yake yamwagwe yawekwe mengine.

Kisha swali ambalo huwezi kulikwepa. Kila anayekuja atauliza, "Anauma?" Utatamani kusema hapana. Mbwa yeyote mwenye meno anauma akifikishwa pale, na ukisema hapana umempa mtu mbwa ambaye hamjui. Fungua daftari umsomee. Nilimsomea mama mmoja wa kijiji cha njia ya Kitangari hivi: alimuuma mwanamume mmoja mguuni, ngozi ilichanika kidogo, ilikuwa usiku, mtu yule aliingia uani.

"Hodi alipiga?" akauliza.

"Hakupiga, mama."

"Basi mbwa ana adabu kumshinda aliyeumwa. Kuku je?"

"Kuku ameua wawili."

Akanyamaza, akahesabu kuku wake kwa macho. Tukakubaliana hapana, tukaagana vizuri, na baada ya wiki ni yeye aliyeniletea mtu mwingine. Ukisema kasoro kabla ya sifa, watu wanakuamini hata wasipochukua.

Simpi mtu mbwa siku anapomwomba. Namwambia ajenge banda kwanza, la mianzi au la mabanzi, paa lisilovuja, mlango usitazame upepo, maana baridi ya Juni hapa juu si mchezo. Gharama yake ni ndogo, ila inataka jasho la siku mbili, na jasho hilo linachuja watu kuliko maswali yangu yote. Banda likisimama, naenda kuliona bila mbwa. Natazama kuna watoto wangapi, njia inapita wapi, jirani anafuga nini. Jirani namsalimia pia na kumwambia, maana atakayelalamika kwanza ni yeye. Mara ya pili naenda na mbwa, tunakaa saa moja, tunarudi naye. Mara ya tatu anabaki.

Karatasi ni muhimu hata kwa ndugu. Iwe nusu ukurasa, ishuhudiwe na mwenyekiti wa kitongoji: mbwa wa rangi hii, amechanjwa tarehe hii, ana vituko hivi na hivi, na akimshinda mwenye kumchukua arudishwe kwangu saa yoyote, asifunguliwe barabarani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama na inamdai anayemfuga amtunze, kwa hiyo hamuandikiani jambo geni. Lakini nguvu ya karatasi haitoki kwenye sheria. Inatoka kwenye ile sentensi ya kurudisha. Mtu anayejua kuna pa kumrudisha mbwa bila kuaibika hachukui sumu.

Kuhusu kuhasi: kama bwana mifugo anaweza kufanya kwa dawa ya ganzi na usafi, fanya, dume atapunguza kuzurura na kupigana. Hakutamwondolea woga wala tamaa ya kuku.

Siku ya kuhama usimpeleke kwa miguu hata kama si mbali. Mbwa anayetembea njia anaijua njia, na kesho alfajiri utamkuta mlangoni kwako. Tumia bajaji, au tenga kubwa lililofungwa vizuri nyuma ya pikipiki, hajala chakula kizito asubuhi hiyo. Mfungie na gunia alilokuwa akilalia, bila kulifua. Huko aendako akae kwenye kamba ndefu wiki tatu, alishwe na mtu mmoja tu, wageni wasiletwe kumtazama. Siku tatu za kwanza anaweza kukataa kula au kulia usiku, na mwenyeji atakupigia simu akidhani ameletewa mgonjwa. Mwambie mapema. Wiki ya tatu huwa na hatari zaidi, kwa sababu sasa mbwa amepazoea na anaanza kulinda, na watu nao wamemzoea na wameacha kuwa waangalifu.

Mbwa wengine hupaswi kumpa mtu. Aliyemrukia mtoto usoni bila kubanwa, au anayeuma na kung'ang'ania bila kutoa onyo, nawe umemtazama wiki sita na hakuna kilichobadilika, huyo kumpeleka kijiji cha mbali ni kumtumia mtu usiyemjua balaa lako. Mwambie bwana mifugo amlaze kwa sindano. Ni kazi chungu. Nimeifanya mara moja, nikamshikia kichwa mwenyewe, na bado naona ilikuwa afadhali kuliko sumu kwenye nyama au gobore la mtu aliyelewa.

Limebaki jina. Huku tunawapa mbwa majina ya kuwasema majirani. Aliyenijia kutoka kwa mtumishi mmoja aliitwa Wataisoma, na sihitaji kukueleza aliitwa kwa sauti kubwa nyumba ya upande gani. Jina kama hilo halihami salama, maana majirani wapya watajiuliza wamekosa nini. Mbadilishie kabla hajaondoka, chagua fupi, lisilo na ujumbe, umwite nalo kila wakati wa chakula kwa wiki moja.

Kisha ukamtembelee. Mara ya kwanza baada ya mwezi, mara ya pili Februari. Beba kadi ya chanjo, mkumbushe mwenyeji tarehe inayofuata. Piga hodi ukiwa mbali, usisogee kwenye banda, kaa mahali wageni wanapokalishwa. Akikubwekea kama mtu asiyekujua, mwache abweke mpaka mwenye nyumba amnyamazishe. Usimwite kwa lile jina la zamani.